Kimo cha Ikupa

Kipimakimo kilipita juu ya mahindi ya Bonde la Ilwama kimyakimya, chembamba, mabawa yake yametanda, na kila kilipopita kilimwaga miali isiyoonekana kwa macho. Mwali mmoja uligonga kilele cha bua, mwingine ukapenya hadi udongoni, na tofauti ya safari zao ndiyo iliyokuwa kimo cha mmea. Kabla umande haujakauka, kila bua la bonde zima lilikuwa limeshapimwa.

Vimo hivyo vilikwenda kwa Msimamizi, akili mnemba iliyoendesha shamba. Msimamizi hakuwa na mkono wala mguu, lakini maji, mbolea na mitambo yote ilimtii. Mmea uliokwenda sawa na wenzake ulipewa mbolea ya kukuzia. Uliobaki nyuma ulisubiriwa kidogo, kisha ukang'olewa usije ukala mbolea bure. Na ule uliorefuka kuliko unene wa bua lake ulinyimwa mbolea kabisa, kwa sababu bua refu na jembamba hulazwa na upepo, na mahindi yake huozea chini.

Kanuni hizo ziliandikwa na Mhandisi Sekela Mwakyambiki, naye alizipenda. Zamani mabwana shamba walipima kwa rula mimea michache ya pembezoni, shamba lililobaki wakalibahatisha, na mbolea nyingi ikaishia mtoni. Yeye alikuwa amekomesha upuuzi huo. Asubuhi ile alikuwa juu ya mnara akitazama mabua yaliyosimama sawasawa hadi vilimani, roho yake kwatu, simu ilipoita. Alikuwa mama yake mdogo, Tusekile, kibarua wa kambi ya chini.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Njoo umwone Ikupa. Mtoto anakwisha."

Ikupa alikuwa mjukuu wa Tusekile, mtoto wa marehemu mwanawe wa kiume. Sekela hakuuliza zaidi. Aliteremka.

Kambi ya chini ilikuwa ya watu waliookota viwavi. Wanunuzi wa ng'ambo hawakutaka mahindi yenye dawa, na hakuna mtambo uliokuwa umeweza kuchomoa kiwavi ndani ya jani changa bila kulichana. Basi wanawake waliwachomoa viwavi kwa vidole, wakawaminya, na ute wa kijani ukawakaukia hadi kwenye viwiko. Harufu yake ilimpokea Sekela mlangoni mwa kambi. Aliziba pua, kisha akaona aibu, akaushusha mkono.

Watoto walikuwa wamepanga foleni mbele ya jiko. Hapakuwa na mpishi. Palikuwa na pipa la chuma lenye bomba, na juu ya bomba jicho jeusi ambalo Sekela alilitambua mara moja, maana alikuwa amelichora kwa mkono wake. Kipimakimo. Jikoni!

"Nani kaliweka hili hapa?"

"Mkurugenzi," Tusekile alisema. "Tangu mvua za vuli. Kila mtoto anapimwa, kisha bomba linampa uji wake. Wafupi walisubiriwa kidogo. Halafu familia zao zikaambiwa zifungashe. Kina Mwalwisi, unawakumbuka? Walipakiwa na vyombo vyao, wakamwagwa barabarani huko ng'ambo ya daraja, kisa mtoto wao hakui."



Zamu ya Ikupa ikafika. Msichana alikuwa amefungwa kitambaa kikubwa kichwani. Alisimama chini ya jicho, akanyanyua visigino, akavuta shingo mpaka mishipa ikatokeza. Jicho likammulika. Bomba likakohoa, likatoa kitu cheupe, kikakatika.

Sekela alichukua kikombe akaonja. Yalikuwa maji ya uvuguvugu yaliyopitishwa kwenye pipa lenye uji, yakinuka kutu. Mtoto wa nyuma yake, mnene, asiyefungwa kitu kichwani, alipewa uji mzito hadi pomoni.

"Kichwani ana nini?" Sekela aliuliza.

Tusekile alitazama pembeni. "Kata. Ile ya kubebea ndoo. Nimemwekea mbili ndani ya kilemba, apate urefu, tusije tukafukuzwa. Wenye watoto wafupi wote tunafanya hivyo hapa. Lakini kila nikiongeza, uji unapungua. Jana nilifikiria kuweka ya tatu."

"Usiweke!" Sekela alipiga kelele mpaka foleni nzima ikageuka. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchefua. Msimamizi alikuwa ameona kitu kirefu, chembamba, kinachorefuka upesi. Kwake Ikupa alikuwa bua linalotaka kulala. Bua la namna hiyo hunyimwa.

Aligeuka nyuma ya pipa akatapika.

Mkurugenzi Lugendo alimpokea ofisini kwa chai ya tangawizi na tabasamu. Alikuwa mzaliwa wa bonde lile lile, amesoma mbali, mtu safi, kucha zake zimekatwa vizuri. Sekela hakugusa chai.

"Umewapima watoto kwa kanuni za mahindi."

"Nimewapima kwa kanuni zako," Lugendo alisema kwa upole. "Lishe ni lishe, Mhandisi. Chakula kinakwenda kinakozaa matunda. Wale wazazi wangeacha kuidanganya mashine, tusingefika hapa."

"Ikupa ana njaa!"

"Ikupa yupi? Yule wa hivi?" Akanyoosha mkono kuonyesha kimo chake, kiganja kikitazama chini.

Sekela aliutazama mkono ule. Huko Ilwama kiganja kinachotazama chini huonyesha kimo cha mbuzi, huonyesha cha ndama. Mtoto wa mtu huonyeshwa kwa vidole vilivyosimama, visimkandamize, apate nafasi ya kukua. Hata mlevi wa kilabuni hakosei. Na huyu alikuwa amezaliwa hapa, mama yake alikuwa amemwonyesha majirani kwa vidole vilivyosimama, na sasa alikuwa ameutandaza mkono wake hewani bila hata kujua amefanya nini. Sekela alimwonea kinyaa kama mtu anayeona funza kwenye kidonda. Kinyaa hicho kilimrudia mwenyewe.

"Litoe lile jicho leo," alisema.

"Ukilitoa, bomba halifunguki. Na mkataba wako nao utavunjika." Lugendo alipuliza chai yake. "Fikiria kidogo."

Sekela hakufikiria. Alipita karakana, akachukua spana kubwa, akateremka tena kambini akiwa na koti lake la mhandisi mwilini. Alipanda juu ya ndoo, akalichomoa lile jicho pamoja na nyaya zake. Kipaza sauti cha kambi kikaanza kumwita kwa jina, kwa sauti ya Lugendo, kikimwamuru aache. Yeye akavunja kufuli ya pipa. Uji mzito ulionekana, umejaa tele, na ukoko wa siku nyingi umeganda pembeni ukinuka uchachu. Wanawake wakautazama. Kisha Tusekile akakunja kitenge, akafuta mikono, akaanza kukwangua ukoko ule na kuteka uji kwa bakuli.

Sekela alimwita Ikupa. Akamfungua kilemba, akatoa kata ya kwanza, akatoa ya pili. Chini yake nywele zilikuwa zimenyonyoka, na ngozi imechubuka duara.

"Shangazi, leo sipimwi?"

"Hupimwi, mama. Leo wala kesho."

Mtoto aliangalia tundu lililobaki pale juu ya bomba, nyaya zikining'inia. Alikuwa bado amenyanyua visigino.

"Sasa nisimame vipi?"

"Kaa," Sekela alisema. "Kaa tu, ule."

Ikupa akakaa chini na bakuli lake. Alikula lote, kijiko kwa kijiko, mgongo wima, shingo ameivuta juu mpaka mwisho.