Luteni Wade na Mashine ya Noreen

Soko la Broadway, Los Angeles, lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile. Noreen Castellaw, gauni lake la manjano limemkaa kiunoni barabara, alikuwa akilipia mapichi alipopigwa kikumbo, matunda yakabiringika chini.

"Lo, samahani bibie! Sikukuona."

Noreen akamtazama: sare ya Jeshi la Anga, nembo ya mabawa ya rubani kifuani. "Hukuniona? Na macho hayo ndiyo yanayotulinda?"

Mwanamume akaangua kicheko. Alikuwa Luteni Wade Ostrander, rubani wa jeti za kukabili ndege za adui. Walipoketi kunywa kahawa, Noreen alimwambia kwamba yeye ni mhandisi wa mashine iliyomo puani mwa jeti hizo, ile inayomsaka adui kwa rada, ikapiga hesabu na kufyatua roketi yenyewe.

"Kumbe wewe ndiye unayenitawala kule juu!" alisema Wade. "Geuka kushoto, geuka kulia!"

"Na chini hapa nitakutawala pia."

Mapenzi yakawaka. Simu hazikukatika.

"Umekula, malaika wangu?"

"Nimekula, roho yangu. Wewe je, umeruka salama?"

Lakini siku moja mchana, Wade alipiga simu. Rafiki yake alikuwa ameanguka na jeti mazoezini na kufa, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Noreen, kwenye jaribio la roketi la Alhamisi naizima mashine. Nitalenga kwa macho yangu."

"Mawinguni utaona nini? Huiamini kazi yangu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema, Wade!" Akakata simu. Hakujua kwamba Wade alikuwa akilia. Yeye aliona amedharauliwa, basi.

Alhamisi, kambini jangwani, Noreen aliketi ndani ya gari la mawasiliano. Shabaha ilikuwa ndege kuukuu isiyo na rubani, ikiongozwa kwa redio. Mawingu yalikuwa yametanda.

"Naingia winguni," sauti ya Wade ilikwaruza redioni. Kisha: "Sikuizima mashine. Naifuata."

Noreen aliziba mdomo kwa viganja.

Ghafla msimamizi wa shabaha akapiga ukelele: ndege ile kuukuu imeasi, imegeuka, inamwendea Wade uso kwa uso! Kabla mtu hajaishika redio, kwenye kioo cha rada mbele ya Wade ilitokea alama ya X: ondoka! Machoni pake hapakuwa na kitu ila weupe mtupu. Akavuta usukani kwa nguvu zake zote. Kivuli cheusi kikapita chini ya tumbo la jeti, kikaitikisa kama kifuu.

"Mama yangu!" alihema redioni. "Noreen, upo?"

"Nipo, mpenzi."

"Mashine yako imenitoa kaburini. Nilikuwa na hofu tu, si dharau. Utakubali nikuoe?"

Garini wanajeshi wote wakamgeukia Noreen.

"Tua kwanza, mwendawazimu wewe! Siposwi na mtu aliye mawinguni."

Jeti ilipogusa ardhi, Noreen alikuwa tayari anakimbia kwenye saruji ya moto, viatu mkononi, nywele zikipeperuka. Wade aliteremka ngazi.

"Nimetua," alisema.

"Nimekuona. Haya, uliza tena, nataka kukusikia bila redio."

Akapiga goti, akauliza. Noreen alimwinua kwa kola ya sare, akambusu mbele ya kambi nzima, na ndipo akasema ndiyo.