Samli ya Bibi Nahimana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kaneza alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji bondeni, na kupaka miguu mafuta ili isipauke. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda zaidi, kwa sababu bibi yake, Nahimana, aliisimamia akiwa ameketi mlangoni mwa jiko, moshi wa kuni mbichi ukimzunguka kichwani.

"Paka na magoti, mke mwenzangu," Bibi alisema. "Magoti gani hayo, kama ya mbuzi! Mwalimu atadhani unakwenda shule kwa kutambaa."

"Na wewe Bibi, mbona uso umejaa majivu?"

"Mimi nilishaolewa. Wewe bado unatafuta soko."

Wakacheka wote wawili mpaka kuku wakakimbia.

Kaneza alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la tano huko Bugarama, wilayani Ngara. Siku zile mama yake alikuwa Biharamulo akimuuguza mjomba hospitalini, kwa hiyo nyumbani walibaki watatu: Kaneza, Bibi, na baba yake Evaristi, ambaye alisomba ndizi kwa baiskeli. Ulikuwa mwaka wa wakimbizi wengi. Kambi zilijaa, na soko la kijiji, ambalo zamani lilikwisha kabla ya saa sita mchana, sasa lilichangamka mpaka jioni.

Bibi naye alikuja kama mkimbizi kutoka Burundi, miaka ishirini na miwili nyuma, Evaristi akiwa mtoto wa miaka kumi. Katika mbio zile alipotezana na mdogo wake wa pekee, Felisita, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita. Tangu hapo hakusikia habari zake, ziwe za uzima au za kifo.

Jioni moja Evaristi alirudi kutoka upande wa kambini, akaiegemeza baiskeli ukutani bila hata kufungua kamba za mizigo.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Nimekaa tangu asubuhi, wewe sema."

"Kule kambini kuna ubao wa majina ya watu wanaotafuta ndugu zao. Nimesoma: Felisita, binti wa Nshimirimana, anamtafuta dada yake Nahimana. Nimewauliza wahusika. Ndiye, Mama! Wanakamilisha karatasi, halafu watamleta hapa kwa gari, Ijumaa ya wiki ijayo."

Bibi alicheka, akalia, kisha akacheka tena machozi yakiwa bado shavuni. Usiku huo hakuna aliyekumbuka kula.

Kesho yake asubuhi Kaneza alimkuta Bibi amekishika kioo kidogo cha kunyolea cha Evaristi, akijitazama. Aliivuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni, akaiachia. Makunyanzi yakarudi mahali pake.

"Tulipoachana nilikuwa na miaka ishirini na minane," alisema taratibu. "Uso wangu ulikuwa kama ganda la yai. Sasa Felisita akishuka kwenye gari akakikuta kizee hiki, si atasema dereva amekosea nyumba?"

"Atakutambua tu, Bibi."

"Kwa lipi? Hata mimi mwenyewe leo nimejisalimia shikamoo." Akakiweka kioo chini. "Haidhuru. Kwetu mgeni wa damu alipokelewa kwa uso uliopakwa samli. Nenda kwa Mama Suzana, mwambie anipatie kibuyu kidogo. Nitapaka kila siku mpaka Ijumaa ile."

Mama Suzana alikuwa mke wa Shilinde, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Samli yake ilisifiwa kijiji kizima. Binti yake Suzana alikuwa rafiki mkubwa wa Kaneza, na walikaa dawati moja.

"Karibu, mla ndizi," Suzana alimpokea.

"Asante, mchunga mkia wa ng'ombe."

Walitaniana hivyo kila siku wala hakuna aliyekasirika. Kaneza akapewa kibuyu cha samli, nzito na yenye harufu nzuri, akashika njia ya kurudi kupitia sokoni.

Hapo ndipo alipomwona Gaspari. Mchuuzi huyu alikuwa mgeni. Alitandika turubai chini, akapanga vikopo vyeupe visivyo na maandishi yoyote, na katikati akasimamisha kioo kikubwa.

"Akina mama! Hii inafuta makunyanzi!" alinadi. "Siku saba tu, miaka ishirini imetoweka! Mjomba wako atakuposa bila kujua!"

Watu walicheka. Kaneza hakucheka. Miaka ishirini! Hiyo hiyo ambayo Bibi aliihitaji.

"Shikamoo. Ndani yake mna nini?" aliuliza.

"Marahaba, binti. Mna siri ya kazi." Gaspari akainama. "Ni ya nani, mama yako?"

"Ya bibi yangu. Lakini yeye anataka samli tu."

"Basi ichanganye humo humo kwenye samli, usimwambie. Utamshangaza! Na akisema inawasha, usiogope. Ni uzee unatoka hapo."

Kaneza hakuwa na fedha, ila nyumbani alikuwa na mayai sita ya kuku wake mwenyewe, yule mwenye kishungi. Alikimbia akayaleta, akarudi na kikopo kimoja. Bibi alipokwenda kupalilia maharage, Kaneza alimimina dawa ile ndani ya kibuyu, akakoroga kwa mwiko mpaka rangi ikawa moja. Alijiona kama daktari.

Siku ya kwanza Bibi alisema, "Samli ya safari hii ina harufu ya sabuni." Siku ya pili alisema uso unamwasha, na Kaneza akatabasamu kwa siri: uzee ulikuwa unatoka. Siku ya nne Bibi alitoka chumbani amejifunika kitenge mpaka puani.

"Ondoa hicho kitenge, Mama," Evaristi alimwambia.

Bibi akakiondoa. Uso ulikuwa mwekundu na umevimba, ngozi imebanduka mashavuni kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Jicho moja lilikuwa limeziba kabisa.

Kaneza alidondosha ndoo.

"Samli imeoza hii!" Evaristi alifoka. Alikichukua kibuyu, akakirudisha kwa Shilinde mwenyewe, na huko maneno hayakuwa mazuri. Kufikia mchana kijiji kizima kilijua kuwa samli ya Mama Suzana inaunguza watu. Kesho yake darasani Suzana alihamia dawati jingine.

"Mama amelia," alisema bila kumtazama Kaneza. "Watu watatu wamerudisha samli. Nyie mkila ndizi mbichi mkaumwa tumbo, mtasema pia ni ng'ombe wetu."

Safari hii haukuwa utani.

Lakini kubwa zaidi lilimsubiri nyumbani. Bibi alikuwa akizungumza na Evaristi kutoka nyuma ya mlango uliofungwa.

"Nenda kambini uwaambie wasimlete. Nimengoja miaka ishirini na miwili, nitangoja mpaka nipone."

"Mama, watu wa kambi ile wanahamishwa. Akipelekwa kwingine, nani ajuaye tutampata lini?"

"Nimesema simpokei na uso huu! Atakimbia. Na ile samli niliyojichotea kikombeni kabla hujarudisha kibuyu, nipe niendelee kupaka. Labda itatuliza."

"Usipake, Bibi!"

Kaneza alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, begi la shule bado begani. Alijua kuwa akinyamaza hakuna atakayemgundua. Kikopo alikwishakitupa chooni. Lakini alimkumbuka Suzana kwenye dawati jingine, akaliangalia na jicho moja la Bibi lililobaki wazi likichungulia kwenye ufa wa mlango.

"Samli haikuoza. Ni mimi. Nilitia dawa ya kufuta makunyanzi ya Gaspari, yule mchuuzi wa sokoni, nikakoroga kwa mwiko. Nilitaka Bibi Felisita akutambue."

Mlango ukafunguliwa, na Bibi akatoka na uso wake wote uliovimba.

"Wewe ndiye uliyenikorogea kwa mwiko?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mwiko wa ugali?"

"Wa maharage, Bibi."

Bibi alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka, halafu akajishika mashavu. "Aii, hata kucheka kunauma! Mtoto huyu, nitamchapa nikipona. Twende zahanati."

Huko zahanati, nesi Magdalena alisikiliza yote bila kumkatiza Kaneza. Alimwuliza rangi ya kile kitu, harufu yake, na Bibi alikipaka mara ngapi kwa siku.

"Umefanya vizuri kusema," alimwambia. "Ningedhani ni ugonjwa mwingine, ningetoa dawa nyingine, na bibi yako angeendelea kujipaka. Siku chache zaidi na alama zingebaki maisha yote. Huo ni mkorogo. Unachuna ngozi ya juu ili ya chini ionekane laini, na ya chini haijawa tayari kuliona jua."

Alimsafisha Bibi uso kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, akampa dawa ya uvimbe, na akamkataza jua, moshi na kitu chochote cha kupaka kwa siku tatu.

Bibi alisita mlangoni. "Nesi, nikuulize kitu cha aibu. Hakuna kabisa njia ya kuupunguza uzee huu? Njia isiyo ya uongo?"

Magdalena alimkalisha tena. "Ipo, wala si aibu, hata mimi naitumia. Lakini kabla hujachagua, jiulize: hiki kinautunza uso wangu, au kinataka kuuondoa kiniletee wa mtu mwingine? Anayeuza anajua kilichomo, au anakificha? Wewe chagua kuni kavu, moshi upungue. Vaa kofia pana shambani. Kunywa maji, lala mapema. Ngozi ikipona, paka samli safi kidogo jioni, ujaribu kwanza mkononi. Hayo hayatakurudisha kuwa msichana."

"Yatanifanya nini sasa?"

"Yatakufanya Nahimana aliyepumzika."

Bibi alifikiri. "Huyo sijamwona siku nyingi," alisema. "Acha nikamtafute."

Jioni ile Kaneza alikwenda na baba yake kwa Shilinde. Evaristi aliomba radhi kwanza, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani, ili waliosikia lawama wasikie na msamaha. Kaneza naye alipiga magoti, akaeleza yote.

"Kumbe unapenda kukoroga," Mama Suzana alisema. "Basi kaa hapo." Akamkabidhi kibuyu kikubwa cha maziwa ya kusukasuka.

Kaneza alisukasuka siku tatu mfululizo baada ya shule, mikono ikamwuma mpaka akashindwa kushika kalamu vizuri. Siku ya pili Suzana alikaa upande wa pili wa kibuyu akamsaidia.

"Sukuma vizuri, mla ndizi."

"Nasukuma, mchunga mkia."

Sokoni, nesi Magdalena alikwenda na mwenyekiti wa kijiji kumwuliza Gaspari kilichomo ndani ya vikopo. Turubai walilikuta, mchuuzi hawakumkuta. Hata kioo alikiacha.

Nyumbani, Evaristi alipasua kuni kavu na kuziweka darini. Kaneza alichukua kazi za jikoni, na Bibi, kwa mara ya kwanza tangu Kaneza amjue, alilala mchana. Uvimbe ulishuka. Ngozi ilitulia. Alhamisi jioni alijaribu samli mpya mkononi, haikuwasha, akajipaka usoni kidogo sana. Makunyanzi yote yalikuwepo, moja moja, lakini macho yalikuwa maangavu na mashavu yaling'aa.

"Si ganda la yai," alisema akijitazama kiooni. Kisha akaguna. "Lakini si vibaya kwa kuku mzee."

Ijumaa, saa nne asubuhi, gari jeupe lilisimama chini ya kilima. Mwanamke mwembamba alishuka, amebeba furushi. Alikanyaga uwanja, akamwona Bibi mlangoni, akasimama ghafla. Furushi likamdondoka.

Bibi akajishika kitenge. Kaneza, aliyekuwa pembeni yake, akamshika mkono.

"Mama?" Felisita alinong'ona. Kisha akaanza kukimbia. "Nahimana! Wewe ni Mama mtupu! Macho haya, mikunjo hii inayocheka, ni ya Mama! Picha yake iliungua na nyumba. Nilikuwa nimeusahau uso wake, wallahi nilikuwa nimeusahau, na umenitunzia!"

Walikumbatiana mpaka wakaketi chini katikati ya uwanja, kama watoto. Evaristi alijifanya anakagua tairi la baiskeli. Kaneza alilia bila kujificha.

Baada ya chakula, Bibi alimwita mjukuu wake ampake Felisita samli usoni, kama desturi ya mgeni wa damu. Kabla hajachovya kidole, Bibi akamshika mkono.

"Sema kwanza. Humu mna nini?"

"Samli tupu, Bibi. Nimeisukasuka mwenyewe."

"Sawa. Sasa sikia, Kaneza. Ulinipenda, hilo nalijua. Lakini upendo unaofanya kazi kwa siri ndani ya kibuyu cha mtu unaweza kumtoa jicho. Ukitaka kunisaidia, niambie nikiwa natazama. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema, kwa maana ungenyamaza siku ile tungempoteza Felisita, na Mama Suzana angebaki na aibu isiyo yake." Akajigusa kwenye mikunjo ya kando ya jicho. "Na huu uso ni wa kutunza. Fikiria kama dawa yako ingefanya kazi! Mdogo wangu angeshuka kwenye gari, akatafuta mama yake usoni mwangu, asimwone."

Felisita akafumba macho, akasogeza uso. "Nipake basi, mjukuu. Na mimi nataka nionekane nimepumzika."

Nje, kuku mwenye kishungi alitetea kwa fahari ya yai jipya. Safari hii Kaneza alilipeleka yai hilo moja kwa moja jikoni, likawa la mgeni.