Njia ya Kwenda kwa Mama

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Editha husimama nyuma ya nyumba akatazama juu. Nyumba ya mama yake iko kule, karibu na kilele. Bati lake linaonekana wazi. Lakini njia ya kufika huko imesimama wima, utadhani aliyeichonga alikuwa na ugomvi na wanadamu.

Mama yake, Bibi Anastasia, hawezi kushuka. Magoti yamegoma. Zamani Editha alipanda kila Jumapili baada ya misa, mzigo kichwani, akiimba. Siku hizi akifika kwenye migomba ya jirani tu, moyo unamwenda mbio na macho yanaona nyota mchana. Anakaa chini. Kisha anarudi.

"Unakuja lini?" mama huuliza kwenye simu.

"Jumapili, mama."

"Jumapili ya mwaka gani?"

Editha hucheka. Simu ikikatika, hulia kidogo, kisha anaendelea kufunga mchicha mafungu.

Maana kazi haingoji machozi. Yeye na mumewe ni wakulima wa Mgeta, milimani kwa Waluguru. Lori la Dar likija, linabeba kila kilicho kizuri: mchicha, njegere, maharage. Nyumbani hubaki ugali, viazi, na chai ya rangi iliyokolea mpaka kijiko kinataka kusimama chenyewe. "Mboga ni za kuuza," husema mumewe, Lukasi, kana kwamba tumbo lake liko Kariakoo.

Watu wakaanza kusema. Editha mvivu. Editha analala mchana. Editha anatafuna udongo kama mjamzito, na mimba yenyewe haionekani! La udongo lilikuwa kweli. Aliuficha kwenye pindo la kanga. Hakujua kwa nini anautamani. Alijua tu kwamba hapa duniani anatamani vitu viwili: udongo, na kukaa karibu na mama yake.

Siku moja alikwenda zahanati. Muuguzi, Mwaisha, alimtoboa kidole akapima tone la damu. "Damu yako ni kidogo. Mwili umekosa madini ya chuma," akasema. Akampa vidonge. Foleni ilikuwa ndefu, hawakuongea zaidi.

Wiki zikapita. Siku ya lori, Mwaisha alikuja kununua mboga. Akamkuta Editha amekaa juu ya gunia, anahema. Mwaisha ni Mzaramo, na Wazaramo ni watani wa Waluguru tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana, unamshukuru.

"Wee Mluguru, hujafa tu?"

"Nikifa nani atawalisha Wazaramo? Jembe lenyewe mnaliogopa!"

"Vidonge vyangu viko wapi? Ulimpa mbuzi?"

Angekuwa mtu mwingine, Editha angenyamaza. Lakini mbele ya mtani aibu huchoka upesi. Akasogea, akanong'ona.

"Niliacha. Choo kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria. Nikajua damu iliyobaki ndiyo hiyo inatoka."

Mwaisha alicheka mpaka akashika lori asianguke. Kisha akaacha kucheka.

"Mtani wangu, kosa ni langu, sikukwambia. Vidonge vya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Ni kawaida. Kingekuwa cheusi kabla ya vidonge, hapo ungekuja mbio. Haya, ulivimeza na nini?"

"Na chai. Vinachefua."

"Ya rangi?"

"Nzito."

"Basi ulikuwa unafungua mlango kwa mkono mmoja, unaufunga kwa mwingine! Chai inakizuia chuma kisiingie mwilini. Meza kwa maji, au kwa maji ya chungwa. Chai ije baadaye, saa mbili zikishapita. Vikikuchefua, kula kidogo kwanza. Na hicho kilichofungwa kwenye kanga?"

Editha akafungua. Udongo.

"Nilijua. Wengi waliokosa chuma hutamani udongo. Lakini udongo hauongezi damu, unaweza kukuletea minyoo. Na damu yako ya mwezi?"

"Nyingi. Siku nyingi. Nilidhani ndivyo tulivyoumbwa."

"Hapana. Huenda ndiko inakovujia. Njoo kesho tukuangalie. Ikibidi, utakwenda hospitali ya mjini."

Kisha akamgeukia Lukasi, aliyekuwa anajifanya kuhesabu magunia. "Na wewe! Unawapa watu wa Dar maharage, mkeo unampa chai. Maharage, dagaa, majani ya kijani, maini mkipata. Hata nguruwe wako yule. Mimi simli, lakini mkeo amle!"

Lukasi akajikuna kichwa. Akapanda kwenye lori, akashusha gunia la maharage. Dereva akapiga kelele. Lukasi akajifanya kiziwi.

Nafuu haikuja kwa haraka. Editha alimeza vidonge vyake. Hospitali ya mjini walimtibu damu ya mwezi, ikapungua. Hamu ya udongo ikapotea kwanza. Siku moja akajaribu njia, akafika nusu, akarudi analia.

"Meza tu," akasema Mwaisha. "Na hata ukipona usiache, mpaka nikwambie."

Akaendelea. Miezi ikapita. Asubuhi moja, wala haikuwa Jumapili, Editha alipita migomba ya jirani. Akapita na pale nusu. Alipumzika mara nyingi, lakini kila aliponyanyuka alinyanyukia juu.

Bibi Anastasia alikuwa kwenye mkeka, nywele timutimu.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimvuta karibu. Alimshika mkono, akakigeuzageuza kiganja, akakibonyeza kama anayechagua nyanya sokoni. Kisha akamketisha, akajisogeza katikati ya miguu ya bintiye, akampa mgongo.

"Marahaba. Nisuke. Na usisuke upesi."

Editha akasuka. Alipomaliza, mama akasema mistari imepinda. Haikuwa imepinda. Editha akafumua, akaanza upya.