Mlipakodi Mwema wa Birmingham

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, Bibiane alifungua saluni yake pale Ntinda, Kampala, kama siku zote. Alianza na kufuli la chini, akamalizia na la juu, kisha akausukuma mlango kwa nyonga kwa sababu mikononi alikuwa na chupa ya chai na mfuko wa taulo. Vioo vilikuwa salama, mafuta ya nywele yamepangwa kwenye rafu, na lile kabati la chuma la mdogo wake Tresor, kando ya ukuta wa duka jirani, limefungwa vilevile. Akapanda kigoda, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha ndoo ya rangi iliyokuwa imefichwa kati ya maboksi ya wigi. Jana yake ilikuwa nzito. Leo ilishuka kama karatasi.

Akachungulia ndani.

"Yesu wangu! Tresor! Simu za watu!"

Simu hizo zilikuwa za karibu kila mpangaji wa jengo lile. Wiki hiyo, katika kundi lao la mtandaoni ambamo walizoea kugombana juu ya kodi, bei ya bando na mipango ya serikali, mtu anayejiita Mlipakodi Mwema alikuwa ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu serikali itazima kila simu iliyoingia nchini bila kulipiwa kodi mpakani. Watu walishikwa na kiwewe. Wakampelekea Tresor, fundi simu aliyejibanza kwenye kona ya saluni ya dada yake, ili azikague moja moja. Jioni ya Ijumaa akaona kabati lake linajulikana mno na wezi, kwa hiyo akazihamishia simu kwenye ndoo. Siri hiyo waliijua wawili tu, yeye na dada yake.

Wengine walijua tu kwamba simu zilikuwa kabatini mwake na kufuli halijavunjwa; ndiyo maana saa tatu, baada ya watu kupiga kelele hadi barabarani, Konstebo Ogwang alimtia Tresor pingu, akamkalisha mlangoni.

Koplo Santa Acayo alifika saa nne. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mwendo wa taratibu, na kabla ya kuuliza chochote alivua kofia, akaomba maji ya kunywa, akayamaliza yote huku Bibiane akimnong'oneza habari ya ndoo.

"Afande," Bibiane alisema huku akijifuta macho kwa taulo la wateja, "uyu mutoto ni mimi nilivuka naye mpaka wa Bunagana toka Kongo, namubeba mugongoni. Hawezi kuiba. Hata chumvi ya jirani anaomba mara mbili."

"Mama, gari la kuwapeleka watuhumiwa kituo kikubwa linakuja saa kumi. Akishapanda gari hilo, Jumatatu yuko mbele ya hakimu, na mimi sina tena la kusema. Kwa hiyo acha kulia, nijibu. Nani anajua simu zilikuwa kwenye ndoo?"

"Mimi na yeye. Na sasa wewe. Wale wote inje wanafikiri zilikuwa ku kabati."

"Waache wafikiri hivyo. Usimwambie mtu."

Acayo aliugusa ukuta. Ulikuwa wa plaiwudi, umeishia kidogo chini ya dari, kama kuta nyingi za jengo lile. Upande wa pili lilikuwapo duka la Anselme liitwalo Simu Halali, lenye simu mpya zilizopangwa kwenye kabati la vioo kama meno ya bandia. Upande mwingine palikuwa na ukuta wa matofali mpaka juu. Anselme mwenyewe, Mkongomani mwenzao, mnene, kichwa chake hakina hata unywele mmoja, alikuwa ameshaleta kiti.

"Kaa, Afande. Kazi ya serikali ni nzito. Mimi nasema tu sheria ifuate mkondo wake, hata kama kijana ni wa kwetu."

"Wewe uko kwenye hilo kundi la mtandaoni?"

"Mimi? Nina muda gani? Simu yangu wiki hii haina hata bando."

Acayo alimshukuru kwa kiti, akakaa. Akawaita watu.

Wa kwanza alikuwa Oduor, Mkenya muuza mitungi ya gesi, ambaye simu yake moja ilikuwa imeibiwa na ya pili ilikuwa mkononi.

"Unaitwa mpinzani mkubwa wa kodi katika kundi," Acayo alisema.

"Afande, hebu nisikize. Mimi nilisema ukikata kodi kwenye bando, ukate kwenye simu, halafu ukate nikituma pesa, siku moja utanikata kidole cha kubonyezea. Hiyo ni hatia?"

"Na jana jioni ulisema utamwonyesha Tresor."

"Nilisema nitamwonyesha mahali skrini imepasuka! Wee! Mtu akisema neno Kampala hii, linavalishwa buti." Alishusha sauti. "Mshike Mlipakodi Mwema. Huyo mtu amenipandisha presha miezi mingi. Nikiandika mstari mmoja, ananijibu kurasa. Ananiita mtoro wa kodi."

"Yuko wapi?"

"Birmingham, Uingereza. Anasema mwenyewe, na ukurasa wake unaonyesha Uingereza."

"Oduor, nani mji huu hana VPN? Hata simu ya muuza mboga wangu inadhani iko Uholanzi."

Wa pili alikuwa Erinayo, mlinzi wa jengo, mwenye funguo za akiba za milango yote. Alikuja akiwa ameficha mikono nyuma.

"Lete mikono, ssebo, mzee wangu."

Mikono ilikuwa myeusi kwa vumbi la makaa hadi kwenye viwiko. Watu mlangoni wakaguna, mmoja akasema, "Si mnaona?"

"Umeficha nini kwenye makaa, Erinayo?"

Mzee yule akapiga magoti palepale. "Nnyabo, mama, nasema kweli. Simu. Lakini ya mimi! Ile tangazo ilinitisha. Nikasema serikali ikikuja kuzima, haitaiona chini ya makaa."

Ogwang akatumwa. Akarudi na kisimu cha vitufe, kizee, kimefungwa katika soksi tatu, kikiwa bado kinawaka.

"Hii hata serikali ingekuonea huruma," Acayo alisema, na mlango mzima ukacheka. Lakini yeye alitazama saa ya ukutani. Saa sita ilikuwa imepita, na hakuwa na kitu.

Akaomba simu ya Bibiane, asome mwenyewe kundi hilo. Pembeni yake alikaa Celestine, Mkenya wa kike anayefanya kazi benki, kichwa kimejaa rola, anasubiri kukaushwa. Hakuwa tayari kwenda na nywele mbichi kwa sababu ya wizi wa watu wengine.

Palepale kundini ujumbe ukaingia. Mlipakodi Mwema alikuwa ameandika: *Mnamlilia fundi? Kijana anaweka simu za watu kwenye ndoo ya rangi kama viazi vitamu, halafu mnashangaa! Ndiyo matokeo ya kununua simu za magendo. Na bado nina hoja nyingine nne.*

Acayo alisoma mara mbili. Tresor alikuwa ameshapelekwa mahabusu, simu yake imefungiwa kwenye droo ya kituo. Bibiane alikuwa mbele yake, ameshika kitana. Huyu wa Birmingham kaijuaje ndoo?

Akangoja hizo hoja nne. Hoja ya kwanza ikaja, ndefu, na vifungu vya sheria. Ya pili ikaja. Kwenye skrini pakaonekana kwamba anaandika ya tatu.

"Haya, dada, zamu yako," Bibiane alimwambia Celestine. Akachomoa plagi moja ukutani, akachomeka ya draya. Draya ikaunguruma.

"Ona sasa!" Celestine alipiga kelele chini ya kofia la draya. "Bibiane, kwa nini kila ukiwasha hii kitu waifai inakatika?"

"Soketi iliyo nzima ni moja. Ama ukauke, ama uperuzi. Chagua."

Simu ya Bibiane ilikuwa na bando lake, kwa hiyo kundi liliendelea kufunguka. Acayo alikodoa macho. Mlipakodi Mwema alikuwa amenyamaza. Hoja ya tatu haikuja. Wenzake kundini wakaanza kumcheka kwamba amekimbia. Hakujibu, na yeye hakuwa mtu wa kutojibu.

Draya ilipozimwa na plagi ya waifai kurudishwa, hoja ya tatu ikaingia mara moja, na ya nne nyuma yake, kwa hasira.

Acayo alimvuta Bibiane kwenye beseni la kuoshea nywele, akafungulia maji ili yapige kelele.

"Nenosiri la waifai yako unampa nani?"

"Wateja tu. Mtu akisuka, napaza sauti, namutajia. Kama hasuki, hapati. Mimi siko shirika la misaada."

"Unapaza sauti kiasi gani?"

Bibiane alifikiri, akautazama ule ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Mdomo ukabaki wazi.

"Funga mdomo," Acayo alisema. "Washa draya nikikohoa."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Nje, Ogwang alimleta Tresor kutoka kituoni, tayari kwa gari la saa kumi lililopangiwa kupita hapo. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, shati limetoka kwenye suruali. Dada yake alitaka kumkimbilia, Acayo akamzuia kwa jicho. Kisha akachukua ile simu, akaandika kundini kwa jina la Bibiane, akitamka kila neno kwa sauti ya chini ili Oduor na Erinayo wasikie:

*Mtaalamu mmoja amenieleza leo kwamba simu za magendo ndizo zenye kodi ndogo kisheria, na simu mpya za dukani ndizo hazijalipiwa. Mlipakodi Mwema alikuwa anatudanganya kwa sababu hajui hesabu.*

"Afande!" Oduor alinong'ona. "Huo ni uongo."

"Najua. Nilipigia ofisi ya kodi pia. Hata lile tangazo la kuzima simu hawalijui. Kaa kimya."

Skrini ikaonyesha: Mlipakodi Mwema anaandika. Akaandika. Akaandika. Acayo akakohoa.

Bibiane akachomoa, akachomeka. Draya ikaunguruma juu ya kiti kitupu. Kwenye skrini mwandishi akakoma. Nyuma ya plaiwudi kiti kikalia, viatu vikakwaruza sakafu, mtu akasonya. Draya ikaendelea kuunguruma. Viatu vikatoka nje, vikazunguka, na Anselme akasimama mlangoni na jasho kichwani, simu mkononi ameinyanyua juu kama anayetafuta ndege.

"Mama Bibiane! Huyo mteja wako nywele hazikauki mpaka lini?"

Celestine, aliyekuwa keshalipa na amesimama na mkoba begani, alionyesha kwa kidole kiti kile kisicho na mtu.

"Bwana Anselme," Acayo alisema, "wewe na nywele mnahusiana nini?"

Mkono wa Anselme ulipanda wenyewe hadi kwenye upara wake. "Kelele, Afande. Kelele ya mashine."

"Iliunguruma na mchana, hukuja. Naomba simu. Ile isiyo na bando."

Alitaka kuirudisha mfukoni, lakini Oduor alikuwa ameshaziba mlango kwa kifua chake chote cha kubebea mitungi. Acayo aliisoma kwa sauti. Ujumbe ulikuwa bado haujatumwa: *UONGO MTUPU. Kwanza, Mama Bibiane, soma sheria. Pili, mimi nina risiti zote za*

"Za nini?" Acayo aliuliza. "Malizia."

"Za mpakani!" Anselme alilipuka. "Ninazo zote! Mimi peke yangu jengo hili nimelipa kodi ya kila simu, na mimi peke yangu sina mnunuzi! Wanaingia dukani, wananisalimia vizuri, wanauliza bei, wanashika simu zangu kwa vidole vya mafuta, halafu wanakwenda kwa Tresor kufufua maiti za magendo. Mimi tu ndiye mjinga?"

"Ukatunga tangazo."

"Nilitaka waogope, wanunue simu halali. Hawakununua. Walimpelekea yeye tena! Ijumaa jioni nikasikia simu zinagongana kwenye ndoo. Nikapanda ngazi, nikapitisha mkono juu ya ukuta. Sikuvunja kitu."

"Ziko wapi?"

Ogwang alizitoa dukani, ndani ya maboksi ya simu mpya nyuma ya kioo. Kila moja ilikuwa imefutwa vumbi, imezungushiwa plastiki, na imebandikwa karatasi: HAIJALIPIWA KODI.

"Ningezirudisha," Anselme alisema. "Wakishanunua zangu. Na sikujua watamkamata mtoto."

"Ulijua." Acayo hakupaza sauti. "Ulikuja asubuhi, akiwa kwenye pingu mbele ya macho yako, ukaniletea kiti, ukaniambia sheria ifuate mkondo wake. Basi inafuata. Ogwang, fungua pingu hizo. Zihamishie hapa."

Bibiane alimshika mdogo wake kwa mikono yote miwili, akampiga kofi la bega kwa kumtia hofu, kisha akamkumbatia mpaka kijana akalalamika kwamba hapumui. Watu waliokuwa wakimwita mwizi saa tatu sasa walimwita fundi wetu, huku wakinyang'anyana simu na kubandua zile karatasi kwa kucha.

Gari lilifika saa kumi na dakika chache. Anselme alipanda nyuma bila kusukumwa. Lakini simu yake, iliyokuwa mkononi mwa Acayo, haikuacha kulia, kwa sababu waifai ilikuwa imerudi.

"Afande," akaomba kutoka garini, "wanasema nini?"

"Wanasema umeshindwa hoja."

"Niruhusu jibu moja. Moja tu. Yule Oduor amekosea asilimia."

"Aliyekosewa hapa ni Tresor. Muulize yeye."

Tresor aliipokea simu. Akaandika kwa vidole viwili kwa jina lilelile la Mlipakodi Mwema: *Ndugu zangu, tangazo la Jumatatu lilikuwa la uongo. Simu nilichukua mimi. Tresor hana kosa. Naombeni msamaha.*

Akatuma. Majibu yakamiminika kundini kutoka kwa wale wasiokuwapo pale, na Acayo akayasoma akiwa ameshika mlango wa gari.

*Huyu si yeye.*

*Mlipakodi Mwema hajawahi kuomba msamaha tangu kundi lianze.*

*Akaunti ya ndugu yetu imeibiwa! Aliye karibu na polisi apeleke taarifa haraka, mtu wa Birmingham yuko hatarini.*