Shamba la Mzee Bundi Halina Ukuta

Mdogo wangu Mutugi alikuwa hawezi kuangalia filamu akanyamaza. Ukiweka ya kutisha, atasimamisha katikati, akugeukie, aanze kuhutubu. "Sasa huyu dada amesikia mlango unalia. Badala ya kutoroka, anaingia na tochi ya simu. Nani hufanya hivyo?" Kwenye gemu ndiyo alikuwa mkali zaidi. Hasa zile ambazo unatembea msituni, unaona mlima kule mbele, halafu unagonga ukuta usioonekana. Alisema huo ni uvivu wa waliotengeneza, kwamba mchezaji anafungiwa kama kuku. Maoni hayo aliyarekodi kwa simu akayatupa mtandaoni, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na adabu kwa filamu ya mtu yeyote.

Tunaishi wawili Kaaga, hapa Meru mjini. Mara ngapi nimemwambia afunge mdomo nile chakula changu kwa amani! Siku hizi nakula kwa amani, na sikimalizi.

Jumamosi moja tulienda Laare kumwona shangazi yetu Igoki, ambaye mguu ulikuwa umemsumbua. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, jua linaangaza vizuri. Baada ya chai, Mutugi akasema anataka kurekodi maoni yake kuhusu gemu fulani mpya ya mazombi, na kwamba miti ya miraa ingempa mandhari ya maana. Akavuka barabara ya udongo, akaingia shamba la jirani, Mzee Bundi. Mimi nikabaki barabarani. Kwetu mwanamke haingii kwenye miraa ya mzee, na zaidi ile mibaine, miti ya zamani yenye mashina manene.

Shamba lenyewe ni dogo. Halina ua wala seng'enge. Ukisimama pale nilipokuwa unaona mpaka ng'ombe wa mzee upande wa pili.

Nilimsikiliza akiiambia simu yake kwamba mazombi wa gemu hiyo wanatembea kama watu waliokunywa uji mwingi. Nilicheka. Akachuma kijiti cha miraa, akatafuna kidogo, akachuma kingine akatia mfukoni mwa shati.

Hapo ndipo alipokosea. Mgeni anaruhusiwa kutafuna akiwa chini ya mti, hakuna mzee wa Laare atakayemnyima. Lakini kutoka nayo, hapana, mpaka mwenyewe akupe kwa mkono wake. Watoto wa huku hulijua hilo kabla ya kuanza shule. Mutugi alikulia mjini, miraa aliijua ikiwa imeshafungwa kwa majani ya ndizi. Na mimi, nani angeniambia nimpigie kelele kwa sababu ya kijiti?

"Nimemaliza," akasema. "Twende."

Akaja kuelekea kwangu. Alipokaribia ukingo, karibu nimguse, akageuka kushoto, akarudi kati ya miti.

"Mutugi, barabara ni huku."

"Najua. Si nakuja?"

Akazunguka. Akatokea tena. Akanitazama usoni, lakini macho yake yalinipita. Akageuka tena pale pale.

"Wacha mchezo," nikamwambia.

"Gatwiri, uko upande gani? Nakusikia tu."

"Niko mbele yako!"

"Mbele yangu ni miti."

Nilinyoosha mkono. Hakuuona. Akanyoosha wake kwingine kabisa, akipapasa hewa. Jasho lilikuwa linamtoka. Akaanza kukimbia. Nilimwona akipita, akipotea, akipita tena. Simu ilikuwa imemdondoka na hakuiokota. Mwishowe alikuwa halalamiki tena. Alikuwa anahema tu, na kuniita.

Shangazi Igoki alitoka akijikokota na fimbo yake. Alitazama mara moja tu.

"Ametia kitu mfukoni?" akaninong'oneza.

"Kijiti kimoja tu, anti."

"Usiingie. Ukiingia mtakuwa wawili. Wacha nimtafute mwenye shamba."

Mzee Bundi alikuwa sokoni. Nilisimama nikimsubiri, ndugu yangu akiwa hatua chache kutoka kwangu, akizunguka mchana kweupe kwenye shamba lisilo na ukuta. Nililia kama mtoto. Niliogopa kwamba atazunguka mpaka aanguke, na mimi nikimwangalia.

Mzee alifika kwa bodaboda. Hakukasirika. Aliingia, akamshika Mutugi bega, akachomoa kile kijiti mfukoni, akakitupa chini. Kisha akaokota simu, akamshika mkono, akamtoa mpaka barabarani.

"Mpelekeni nyumbani," akasema. "Asirudi huku."

Mutugi hakusema kitu njia nzima. Nikasema ni uchovu.

Lakini wiki ikaisha. Anakula, anaoga, ukimwita anaitika. Jioni moja niliweka filamu mbovu makusudi, ile ya aina anayoichukia, watu wanatawanyika mmoja mmoja ndani ya nyumba yenye jini. Nilimtazama nikingoja alipuke. Aliangalia mpaka mwisho, mikono magotini.

"Umeionaje?" nikamuuliza.

"Ni nzuri."

Niliweka nyingine. Ni nzuri. Nikampa gemu. Akatembea mpaka kwenye ule ukuta usioonekana, akasimama hapo bila kubonyeza kitu. Nikamuuliza vipi. Ni nzuri, akasema, na akanitabasamia. Usiku huo nilifunga mlango wa chumba changu kwa ufunguo.

Kesho yake shangazi akanipigia. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mzee Bundi anauliza mbona mlimwacha kijana."

"Kijana gani, anti? Mutugi yuko hapa, anakunywa chai."

"Njoo," akasema.

Nilifika Laare mchana, peke yangu. Mzee alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi.

"Yule mwingine nilimtoa kwa kuchukua kitu changu alichokuwa nacho," akaniambia. "Huyu hana kitu. Nitamtoa na nini?"

Sikuona mtu. Niliona miti tu. Kisha nikasikia mtu anahema, anapita karibu, anaenda mbali, anarudi. Na sauti imekauka, lakini ni yake, ndugu yangu mwenyewe, anabishana na hewa.

"...hata hii haina mantiki. Nani hupotea mahali anaona ng'ombe?"

Nilitoa simu. Nikapiga namba ya Mutugi.

"Uko wapi?" nikanong'ona.

"Niko kwa nyumba," Mutugi akajibu, kwa upole. "Ni kuzuri."

Shambani ile pumzi ikakoma. Ikasimama mbele yangu kabisa, pale ukingoni.

"Gatwiri? Unaongea na nani?"

Mzee Bundi hachumi tena sehemu hiyo. Nyasi zimeota shamba zima, isipokuwa kinjia kimoja kinachozunguka mibaine, chembamba, kimekanyagwa mpaka udongo mwekundu unang'aa. Mvua ya usiku hukifuta. Asubuhi kipo.