Kigari cha Juu ya Dari

Saa saba mchana, ndani ya jengo la maduka ya vifaa vya umeme, watu wakipigana vikumbo na kila duka likipiga muziki wake, kigari cha rimoti kilimgonga fundi kwenye kifundo cha mguu. Akatazama chini, kikombe cha chai mkononi, kisha akamtazama mwenye rimoti. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, viatu vya ofisini.

"Kimenigonga au kimeniegemea?" fundi akauliza.

"Samahani, dada. Hakina nguvu."

"Nimeona. Hata kobe angekipigia honi."

Kijana akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Muda si mrefu alikuwa ameketi kwenye kibanda cha fundi, chembamba hivi kwamba ukitaka kutoka sharti meza inyanyuliwe kwanza, na mbele kuna nondo. Fundi alivaa ovaroli ya bluu na kitambaa cha njano kichwani. Alikifungua kigari, akanusa mota.

"Brashi za ndani zimeungua. Nikuwekee mota isiyo na brashi, betri ya lithiamu na gia za chuma. Kitaruka."

"Kisiruke sana. Nakiendeshea juu ya paa la nyumbani."

"Paani? Dunia yote hii haikutoshi?"

Simu ya kijana ikaita. "Nipo kazini, Mama. Ndiyo, saa kumi na moja. Ndiyo, Mama."

Ofisini walimwita Saa Kumi na Moja, kwa kuwa saa hiyo ilimkuta mlangoni na mkoba begani. Mama yake alivunjika nyonga miaka miwili nyuma. Waliishi ghorofa ya nne, ya mwisho, lifti hakuna, na tangu hapo mama hakushuka tena. Kijana alimpenda mama yake, na alikuwa anakosa hewa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Wiki nzima alikula chakula chake cha mchana kwenye kile kibanda. Fundi alifunga mota, akabadilisha gia, akafikia betri mpya. Plagi yake ilikuwa tofauti na ya betri za zamani.

"Tafadhali weka plagi ya zamani," kijana akabembeleza. "Betri zangu za zamani zisilale bure."

Fundi alijua si vizuri. Lakini mapenzi yalishamfanya laini, akakata, akalehemu plagi ya zamani kwenye betri mpya.

"Ila chaja usichanganye. Betri hii ukiichaji kwa ile ya zamani inavimba, inawaka moto."

"Nimesikia, mwalimu."

"Mwalimu wa nani? Niite mpenzi, tusipotezeane muda." Kisha, bila kumtazama: "Jumamosi kuna mashindano ya vigari kwenye uwanja wa maegesho. Twende wawili."

Alhamisi jioni kijana akarudi na kigari, akamwambia mama kwamba Jumamosi atakwenda mashindanoni. Mama akasema, "Sawa, mwanangu," akageukia dirisha.

Ijumaa saa nne simu ikaita ofisini. "Mwanangu, chumbani kwako kuna moshi."

Alipofika, jirani alikuwa amekwisha kumwaga ndoo ya mchanga. Rafu imebabuka, betri imepasuka, na mama amesimama mlangoni, ameegemea fimbo. Kijana akampigia fundi.

"Umeniuzia betri mbovu! Mama yangu angekufa!"

"Uliichaji kwa chaja ipi?"

"Sikuichaji kabisa! Nilikuwa kazini!"

"Mpenzi, betri iliyotulia haiwaki tu..."

"Usiniite mpenzi."

Akakata. Fundi akabaki nyuma ya nondo zake, wateja wamepanga mstari, hana pa kwenda kulia. Akalehemu waya usiokuwa wa mtu, akasingizia moshi.

Jioni kijana akazoa ule mchanga. Chini yake akakuta chaja ya zamani, plagi yake imeyeyuka na kushikana na plagi ya betri. Akamtazama mama.

"Mama. Ni wewe?"

"Iliingia vizuri tu. Nikajua ndiyo yake."

"Lakini kwa nini?"

Mama akachezea ncha ya kanga. "Nilidhani ukikikuta kimejaa, kesho utacheza hapo juu. Nikikisikia kinakimbia juu ya dari, najua upo. Sina redio nyingine."

Kijana akakaa sakafuni. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Akashika mguu wa mama.

Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya kibanda, kigari kwapani.

"Nimekukosea. Ni mama aliyechaji, na mimi nikakutukana wewe kwa kuwa sikutaka kuyaona ya nyumbani kwangu."

"Na mimi nimekosa," fundi akasema. "Plagi zikifanana yeyote atakosea. Nilitaka kukufurahisha, nikasahau ufundi." Akavuta droo, akatoa betri yenye plagi nyingine, na kigari akakibadilishia plagi ilingane nayo. "Mama yupo na nani?"

"Na jirani."

Fundi akanyanyua meza, akatoka.

Uwanjani kigari kilikuwa kinakata kona, vumbi linaruka, simu ilipoita. Kijana akatazama: ni mama.

"Pokea," fundi akasema. "Mwambie ukweli. Lete rimoti."

"Mama, sikiliza." Akapiga magoti, akailaza simu pembeni ya njia, spika imewashwa. Kigari kikapita kwa mlio mkali.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho, Mama."

"Kinakwenda mbali." Kigari kikapita tena. "Saa kumi na moja utakuwa umefika?"

Kijana akamtazama fundi, kitambaa chake cha njano kimejaa vumbi. "Leo nitachelewa, Mama. Na nikirudi nitakuja na mtu. Nataka kumuoa, akinikubali."

"Huniulizi?" fundi akanong'ona.

"Nakuuliza."

"Nakubali. Ila mimi paani sikai."

Kigari kikazunguka mara mbili, na kijana akadhani mama amekata. Kisha sauti ikatoka pale chini, ndogo.

"Haya. Chelewa. Ila simu iache hapohapo, mwanangu, niendelee kusikia."