Mvua Mwenye Nywele Fupi

Kila asubuhi kabla ya shule, Mawingu aliketi kwenye kigoda, mgongo kwa baba yake, uso dirishani. Baba alikuwa kinyozi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake la kunyolea. Alizilowesha nywele za binti yake, akazipaka mafuta kidogo, kisha akachukua chanuo lenye meno mapana na kuzichambua taratibu, akianzia nchani na kushuka hadi kwenye mizizi. Hakuvuta. Hakuharakisha. Vidole vyake vilitembea kichwani kama mtu anayetafuta njia gizani, na Mawingu akafumba macho akaondoka zake. Alipaa juu ya mabati, juu ya nyaya za umeme, akaenda mahali pa kijivu palipo laini kama pamba.

Jina la Mawingu alipewa na baba kwa sababu hiyo. Ukimwita mara ya kwanza, hayupo. Mara ya pili, yuko njiani. Ya tatu ndiyo anaitika.

"Mawingu! Umeshafika shule, au bado unaelea?" baba alimtania.

"Abee, baba. Niko hapa."

Muhula ule darasa lao liliandaa mchezo wa kuigiza, na mwalimu akamchagua Mawingu awe Mvua, yule anayeshuka kuiokoa nchi iliyokauka. Moyo wake ulijaa furaha hadi akashindwa kula mchana. Lakini wakati wa mazoezi, rafiki yake aliyeitwa Kasuku kwa kupenda kuongea, alimtazama kichwani akaangua kicheko.

"Mvua inatiririka, bwana! Wewe na kipilipili chako hicho utatiririsha nini?"

Kasuku alisahau maneno yake papo hapo. Mawingu hakuyasahau. Tangu siku ile, kila alipofumba macho alimwona Mvua mwingine, mwenye nywele ndefu zilizonyooka, zikishuka kutoka mbinguni hadi ardhini kama nyuzi za fedha.

Kwenye rafu ya shangazi, aliyekuwa akiishi nao, palikuwa na kopo la dawa kali ya kulainisha na kunyoosha nywele. Jumamosi moja, shangazi akiwa sokoni na baba akiwa na wateja, Mawingu alijifungia bafuni akajipaka. Mwanzo alihisi ubaridi mtamu. Akafumba macho, akaziona zile nyuzi za fedha zikianza kushuka. Kisha kichwa kikawaka moto. Alijimwagia maji ndoo nzima huku akiuma kitambaa asisikike. Alipojitazama kwenye kioo, juu ya sikio la kushoto nywele zilikuwa zimenyofoka, na ngozi imekuwa nyekundu kama nyama.

Alifunga kilemba. Asubuhi iliyofuata hakwenda kwenye kigoda.

"Kichwa kinaniuma, baba. Usinichane leo."

Akasema hivyohivyo kesho yake, na kesho kutwa. Vidonda vikaanza kutoa maji na kunata kwenye kitambaa. Darasani aliketi akitazama dirishani, lakini hakupaa popote. Maumivu yalimshika chini.

Siku ya mazoezi mwalimu alimgusa bega. "Mvua wetu, hebu tuvue kilemba tuone utakavyopendeza."

Mawingu alitoka mbio. Hakusimama mpaka alipoingia kwa baba, mashine ya kunyolea ikivuma, mteja akiwa na povu kidevuni.

"Baba, nilikudanganya," alisema, machozi yakimtiririka. "Nilijipaka dawa ya shangazi."

Baba alizima mashine, akamwomba mteja radhi. Alikilegeza kilemba kwa maji ya uvuguvugu, polepole, na alipoona kilichokuwa chini yake, akavua aproni yake.

"Utanichapa?" Mawingu aliuliza.

"Twende zahanati kwanza."

Muuguzi alisafisha vidonda, akatoa dawa ya kupaka, akasema kwamba wangechelewa kidogo tu, kidonda kingeoza. Ngozi ilipopona, baba alimketisha kwenye kiti kikubwa cha wateja akanyoa nywele zote zilingane. Mawingu alifumba macho. Upepo wa dirishani ulipita juu ya kichwa chake kitupu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akajihisi mwepesi. Akaanza kuelea.

Zilipoanza kuota, hakungoja kuchanwa. Alijifunza kuziosha mwenyewe, kuzipaka mafuta, kuzichambua kuanzia nchani bila pupa, na kulala amefunga kitambaa laini zisikatike. Siku nyingine mkono ulichoka, lakini hakuacha.

"Bado mimi ni Mvua?" alimuuliza mwalimu.

"Nilichagua sauti yako na macho yako," mwalimu alijibu. "Nywele sikuziulizia."

Siku ya mchezo, waigizaji walivuka uwanja kutoka darasani kwenda ukumbini huku manyunyu mepesi yakianguka. Mawingu aliingia jukwaani hivyohivyo. Matone madogo yalikuwa yamekaa juu ya nywele zake fupi, kila moja kwenye msokoto wake, hayakuanguka wala kukauka, na taa zilipomulika yakang'aa yote kwa pamoja. Mtoto mdogo wa mstari wa mbele akasimama juu ya benchi.

"Mama, Mvua amekuja kweli!"

Kasuku, aliyeigiza mti mkavu, alisahau maneno yake yote akabaki ameduwaa.

Wakirudi nyumbani, baba alimshika mkono.

"Unajua kilichoniuma siku ile?"

"Nywele?"

"Nywele huota. Kilichoniuma ni kwamba ulilala na maumivu, ukuta mmoja tu kati yetu, na mimi sina habari. Mwanangu, mwili wako si adui wa kushindana naye. Utunze kwa subira, nao utakupendeza. Ukikosea, sema mapema, kidonda kikiwa bado kidogo. Umenisikia?"

Kimya.

"Mawingu?"

"Abee, baba," alijibu, akiinamisha kichwa ili baba aziguse nywele zake. "Leo nimesikia mara ya kwanza. Nilitaka tu uniite tena."